Kulungu Jike Mwanzoni mwa Msimu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Msimu wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde huko Pennsylvania, Marekani, hufunguliwa majani yakiwa bado mtini, na swali huja siku hiyohiyo ya kwanza: jike akipita karibu, nimpige, au nimwache nisubiri dume wa Novemba? Majibu yanayozunguka ni mengi na mengi yao hayana msingi. Msimamo wangu ni huu: kama unacho kibali cha kulungu asiye na pembe, na eneo lako lina kulungu wa kutosha, jike wa Oktoba ni chaguo bora kuliko jike wa Desemba.

"Jike akifa, ndama wake watakufa njaa"

Hili ndilo linalowagusa watu zaidi, na ninawaelewa. Jike akitoka kichakani na ndama wawili nyuma yake, moyo hulegea. Lakini hebu tuhesabu miezi. Kulungu wa kaskazini mwa Marekani hupandana kwa wingi katikati ya Novemba, na mimba hukaa siku 200 hivi, kwa hiyo ndama wengi huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Ndama wa miezi miwili tayari anakula majani na kucheua. Wa miezi mitatu ameshaacha kunyonya au yuko mbioni kuacha. Oktoba inapoingia ana miezi minne, madoa meupe ya mgongoni yamefutika au yanafutika, na hatari kubwa kuliko zote ameshaipita, maana dubu na koyoti (mbwa mwitu wa Marekani) huwakamata ndama hasa katika wiki zao za mwanzo, wanapojilaza nyasini badala ya kukimbia.

Usishtuke ukimkuta jike wa Oktoba ana maziwa kwenye kiwele. Ndama hunyonya akiruhusiwa, hata kama shibe yake yote inatoka kwenye majani. Wala habaki peke yake porini: majike wa kulungu huishi kwa ukoo, mama na binti zake na wajukuu, ndani ya eneo dogo, na ndama huendelea kutembea na hao.

Watafiti waliofuatilia ndama madume huko Virginia waligundua jambo ambalo wawindaji wengi hawajalisikia. Waliofiwa na mama walielekea kubaki walikozaliwa, ilhali wengi wa wenye mama walihama walipokaribia kukomaa. Mama mwenyewe ndiye huchangia kumsukuma kijana wake aondoke, na safari hiyo humvusha barabara na mashamba asiyoyajua. Kwa hiyo anayemwacha jike ili "kuwalinda madume wa kesho" huenda anawasaidia waende kwa jirani.

"Jike mmoja ni kulungu watatu"

Hesabu yenyewe si ya uongo. Jike mkubwa aliyeshiba vizuri kwa kawaida huzaa pacha. Kosa ni kuifanya hoja ya kusubiri. Jike huyo ukimpiga Oktoba, hatazaa Juni. Ukimpiga Desemba, hatazaa Juni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba wa Oktoba bado hajashika mimba, na wa Desemba karibu kila mara ameshika. Anayeumia kwa ajili ya mimba, basi, ana sababu ya kuwahi.

Kisha kuna chakula. Kulungu mzima hula zaidi ya kilo 2 kwa siku. Kati ya mwanzo wa Oktoba na mwanzo wa Desemba hiyo ni zaidi ya kilo 100 za matunda ya mwaloni na machipukizi, na hiyo ndiyo akiba ya kuwavusha waliobaki Januari na Februari, theluji inapofunika kila kitu. Kama jike huyo ataondolewa msimu huu kwa vyovyote, aondolewe kabla hajakila chakula cha wenzake.

"Majike wakipungua, madume hawatakuja"

Kupandana huongozwa na kufupika kwa mchana, na jike mmoja aliyeondoka Oktoba habadilishi kitu. Tena majike wakizidi mno, dume hupata mwenzi bila kuhangaika na mchana humwoni. Lenye ukweli ni dogo: ukiingia na kutoka mara kwa mara mahali pamoja, ukiburuta mizoga, kulungu watajifunza kupakwepa. Mpige jike pembeni mwa shamba, mbali na mti wa kuvizia unaoutunza kwa ajili ya Novemba.

"Mwindaji mwenye busara hamgusi jike"

Wengi wetu tumekuja na imani hii kutoka nyumbani Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania uwindaji wa kitalii hulenga madume. Wamarekani wenyewe waliwahi kuishika imani hiyo kwa nguvu, tena kwa sababu nzuri. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya miongo ya kuwinda kwa ajili ya soko, inakadiriwa nchi nzima ilikuwa imebakiwa na kulungu wa mkia mweupe wapatao 500,000. Pennsylvania ikatunga sheria ya kuwalinda majike mwaka 1907, na sheria ikafanya kazi.

Ilifanya kazi kupita kiasi. Kulungu waliongezeka hadi wakaanza kuumaliza msitu kutoka chini: miche ya mwaloni ililiwa kabla haijafika magotini, na ndege wanaotaga vichakani wakakosa vichaka. Leo Marekani inakadiriwa kuwa na kulungu milioni 30. Gary Alt, aliyeongoza mpango wa kulungu wa Pennsylvania kuanzia 1999 hadi 2004, alizunguka kumbi nyingi akieleza kwamba lazima majike wapunguzwe, na wawindaji wengi walimkasirikia vibaya. Baba zao walikuwa wamewafundisha kwamba kumwacha jike ndio ustaarabu, na mafundisho ya baba hayabadilishwi kwa mkutano mmoja. Lakini msitu ulikuwa upande wake.

"Asiye na pembe ni jike"

Hapa ndipo mwanzo wa msimu unapohitaji macho makali. Ndama dume wa Oktoba hana pembe za kuonekana, ana vinundu tu chini ya manyoya. Mtazame utosini: wa jike ni wa mviringo kati ya masikio, wa ndama dume ni bapa. Pua ya ndama ni fupi; ya jike mkubwa ni ndefu, na shingo yake pia. Kiwiliwili cha ndama kinakaribia mraba, cha jike ni kirefu kuliko kimo chake. Anayetangulia kuingia uwanjani peke yake, bila woga, mara nyingi ni kijana dume. Subiri wa pili atoke, uwaone wakiwa bega kwa bega.

Kuna miaka ambayo mimi ningemwacha jike apite. Visubi wa mwisho wa kiangazi hueneza ugonjwa wa homa ya kutoka damu unaoua kulungu wengi karibu na maji, hadi baridi ya kwanza ya kugandisha iwaue visubi hao. Ukiona mizoga kando ya kijito Septemba, weka kibali mfukoni. Vibali hugawiwa kwa kanda nzima, na msitu wako mdogo unaweza kuwa na hali yake peke yake.

"Nyama ya Oktoba haifai"

Inafaa sana, ila haingoji. Siku za mwanzo joto linaweza kufika nyuzi 25. Toa matumbo papo hapo, jaza mifuko ya barafu kifuani, chuna siku hiyohiyo kwa sababu ngozi hufungia joto, na uifikishe nyama chini ya nyuzi 4. Mshale ukipita tumboni itabidi usubiri saa nyingi kabla ya kufuata damu, na usiku wa joto utaharibu kila kitu. Kwa hiyo piga aliye karibu tu, aliyekupa ubavu.

La mwisho ni ugonjwa wa prioni (protini zilizoharibika umbo) unaodhoofisha ubongo wa kulungu, uliogunduliwa Pennsylvania mwaka 2012. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini wataalamu wa afya wanashauri nyama ya kulungu mwenye ugonjwa huo isiliwe. Katika maeneo yaliyotangazwa, Tume ya Wanyamapori huweka mapipa ya kupokea vichwa na hupima bila malipo. Kichwa na uti wa mgongo usivitoe nje ya eneo. Igandishe nyama peke yake, iandike namba ya kibali, na usiipike majibu hayajatoka.