Issei: wanayosingiziwa Wajapani wa kwanza ughaibuni

Katika yote yanayorudiwa kuhusu Issei, linaloniuma zaidi ni lile linalodai kwamba walikaa ugenini nusu karne bila kutaka kuwa wenyeji. Nitalifikia. Kuna mawili mepesi ya kuondoa kwanza.

Dhana: Issei ni kizazi cha kwanza kilichozaliwa ughaibuni

Sivyo. Wajapani huanza kuhesabu kwa aliyevuka bahari mwenyewe. Huyo ndiye Issei. Mtoto wake aliyezaliwa huko ni Nisei, mjukuu ni Sansei, kitukuu ni Yonsei. Waliohama baada ya Vita Vikuu vya Pili huitwa Shin-Issei, yaani Issei wapya.

Dhana: Ni habari ya Marekani tu

Meli ya City of Tokio ilipotia nanga Honolulu Februari 1885, Hawaii ilikuwa bado ufalme unaojitawala. Ilibeba Wajapani zaidi ya 900, wengi wao wakiwa na mikataba ya miaka mitatu ya kulima miwa. Peru ilianza kuwapokea 1899. Brazil ikafuata: Juni 18, 1908, meli ya Kasato Maru ilifika bandari ya Santos na wahamiaji 781 waliokwenda kuchuma kahawa São Paulo. Matajiri wa kahawa walikuwa wanasaka vibarua, kwa sababu mwaka 1902 Italia ilipiga marufuku raia wake kusafirishwa kwenda huko kwa nauli ya kulipiwa. Marekani ilipofunga mlango kabisa 1924, wengi waligeukia Brazil, na leo hakuna nchi nje ya Japani yenye watu wengi wa asili ya Kijapani kuipita.

Walikotoka ni hasa Hiroshima, Yamaguchi, Kumamoto na Okinawa. Serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilikuwa imeamua mwaka 1873 kwamba kodi ya ardhi ilipwe kwa fedha taslimu. Bei ya mazao ilipoporomoka miaka ya 1880, wakulima wengi walipoteza mashamba. Wengi waliondoka wakikusudia kuchuma na kurudi, na wapo waliorudi kweli.

Dhana: Walikataa uraia kwa kuwa mioyo yao ilibaki kwa mfalme wao

Hapa ukweli umepinduliwa juu chini. Sheria ya Marekani ya 1790 ilimruhusu mhamiaji kuomba uraia akiwa mzungu huru. Mwaka 1870 wakaongezwa watu wa asili ya Afrika. Mjapani hakutajwa popote, na mahakama zikashikilia kwamba asiyetajwa hana haki ya kuomba.

Takao Ozawa alilijaribu lango hilo. Alifika California akiwa kijana mwaka 1894, akasoma sekondari Berkeley na kisha chuo kikuu, halafu akahamia Hawaii. Nyumbani kwake walizungumza Kiingereza. Aliomba uraia 1914, akakataliwa, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Novemba 1922 majaji wote walimkatalia. Hukumu yenyewe inakiri kwamba kwa tabia na elimu alistahili kuwa raia. Kilichomponza ni kutokuwa mzungu. Na jaji aliyeiandika, George Sutherland, alikuwa mhamiaji mwenyewe, mzaliwa wa Uingereza. Kila ninaposikia kwamba Issei "hawakutaka", jina la Ozawa ndilo linalonijia.

Kunyimwa uraia kulizaa mengine. Sheria ya California ya 1913 haikuwataja Wajapani kwa jina, ilisema tu kwamba mgeni asiyeruhusiwa kuwa raia hawezi kumiliki shamba. Issei wakaandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao, ambao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Sheria hiyo iliangushwa mahakamani 1952 katika kesi ya Sei Fujii, Issei aliyekuwa na gazeti lake Los Angeles. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likaondoa kizuizi cha rangi katika uraia, na maelfu ya wazee wakaomba na kuapishwa. Watu wasiotaka hawafanyi hivyo.

Dhana: Maharusi wa picha hawakuwa wake halali

Hawa ni wanawake walioolewa kutoka Japani na Issei waliokuwa ng'ambo, bila kuonana kwanza. Familia zilipatana kupitia mshenga, picha zikabadilishwa, na jina la bibi harusi likaandikwa katika daftari la ukoo wa mume. Kwa sheria ya Japani alikuwa mke kamili kabla hajapanda meli. Wapo waliokuta bandarini mume mzee kuliko picha aliyotuma. Wengi walibaki, wakalima, wakafua nguo za watu na kulea. Mtaji wa duka la familia mara nyingi ulitoka kwenye tanomoshi, upatu uleule tunaocheza sisi.

Dhana: Walifungwa vitani kwa sababu walikuwa majasusi

Amri ya rais wa Marekani ya Februari 1942 iliwapeleka kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi ya nchi hiyo, theluthi mbili yao wakiwa raia. Issei mashuhuri walikuwa wameanza kukamatwa tangu siku Japani iliposhambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, Desemba 1941: makasisi wa Kibudha, walimu wa lugha, wahariri. Lakini Pearl Harbor iko Hawaii, na huko watu wa asili ya Kijapani walizidi 150,000. Waliofungwa hawakufika 2,000, kwa kuwa bila wao kazi za visiwa zingesimama. Kama hatari ilikuwa ya kweli, mbona ilihofiwa zaidi mbali na uwanja wa vita?

Tume iliyoundwa na Bunge ilitoa ripoti 1983: haikukuta tendo lolote lililothibitishwa la ujasusi wala hujuma, ikataja ubaguzi wa rangi miongoni mwa sababu. Sheria ya 1988 iliomba radhi na kumpa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Malipo yalianza Oktoba 1990 kwa wazee kabisa, na miongoni mwa wa kwanza alikuwamo mchungaji Issei wa miaka 107.