Je, wajua umbali unaouona kwenye matokeo ya utafutaji haujaandikwa popote?

Tafuta hospitali iliyo karibu, na kila jibu litakuja na umbali wake: km 2.4, km 3.1. Namba hiyo haimo kwenye faharasa, yaani hifadhi ambamo injini ya utafutaji hutafuta, wala haiwezi kuwamo, kwa kuwa inategemea alipo anayeuliza. Kinachohifadhiwa ni latitudo na longitudo. Umbali hukokotolewa swali likishafika.

Hapo huzuka dhana potofu: kwamba injini yenye hati 1,000,000 itafanya hesabu 1,000,000 ili kuonyesha majibu kumi. Kwa hofu hiyo kuna wanaohifadhi hata umri wa watu kwenye faharasa, kisha kila usiku wanalazimika kuurekebisha. Hofu hiyo haina msingi.

Elasticsearch, mojawapo ya injini za utafutaji, hujibu kwa awamu mbili. Katika ya kwanza, kila kipande cha faharasa hupanga hati zinazolingana na swali na kurudisha vitambulisho vya zilizoongoza. Katika ya pili huchotwa yaliyomo ya washindi tu, ambao ni kumi usipotaja idadi nyingine. Agizo la script_fields, linalokokotoa thamani kwa skripti (programu fupi) na kuiongeza kwenye jibu, hutekelezwa katika awamu hii ya pili. Hesabu ni kumi, basi.

Chukua daftari la majina 1,000,000 na tarehe za kuzaliwa, lililopangwa kwa alfabeti. Ukiombwa majina kumi ya mwanzo pamoja na umri, utafanya hesabu ya kutoa mara kumi tu. Ukiombwa kumi ambao kumbukumbu ya siku yao ya kuzaliwa iko karibu zaidi na leo, huna njia ila kukokotoa kwa kila jina. Lakini ukiombwa kumi wadogo kuliko wote, usikokotoe kitu: panga kwa tarehe ya kuzaliwa, ya karibuni kwanza. Hili la tatu linapendeza mno, na ndilo husahaulika zaidi.

Ndiyo maana ukijaribu kupanga majibu kwa jina la uga (sehemu ya hati yenye thamani moja, kama umri) uliokokotolewa, unapata kosa: wakati wa kupanga, uga huo bado haujazaliwa. Utahitaji skripti ya kupangia, au uga wa aina ya "runtime", unaokokotolewa wakati wa swali, ulioingia toleo la 7.11, na gharama yake italipwa kwa kila hati inayolingana.

Mitego ni michache lakini inauma. Thamani inayobadilika, kama saa ya sasa, ipitishe kwenye params, sehemu ya ombi inayobeba thamani za kupewa skripti. Ukiiandika ndani ya skripti, kila ombi litakuwa skripti mpya ya kutafsiriwa upya kwa lugha ya mashine (compile), na seva itafika mahali ikatae. Hati isiyo na thamani huangusha skripti, kwa hiyo kagua kwanza kama size(), idadi ya thamani za uga, ni 0. Ukitumia script_fields, _source, yaani hati asilia, hairudi mpaka uiombe. Kuhusu vipimo, arcDistance, amri ya Elasticsearch ya kukokotoa umbali, hutoa mita, ilhali geodist() ya Solr, injini nyingine ya utafutaji, inayoitwa kwa fl=id,umbali:geodist() pamoja na sfield (uga wenye mahali) na pt (alipo anayeuliza), hutoa kilomita.