Goti Lililoumia: Yanayosemwa Stejini na Yaliyo Kweli

Kuanguka na boda kwenye murram, kuteleza kwenye matope ya Aprili, kugeuka ghafla uwanjani kiatu kikiwa kimenasa kwenye nyasi: njia za kuumiza goti ni nyingi, na ushauri unaofuata stejini, pale boda zinapongoja abiria, ni mwingi zaidi. Tunachambua hapa ule unaochelewesha watu kupona. Ila mazoezi yaliyo humu si ya kila goti. Ukishindwa kutembea hatua 4, goti likakataa kukunjika kufikia pembe ya mraba, likakwama katikati, au likavimba na kuwa la moto huku una homa, nenda hospitali leo, usisubiri Jumatatu.

"Lipumzishe mpaka maumivu yaishe"

Siku 2 au 3 za kwanza, sawa. Punguza kutembea, inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15. Zikipita hizo, kulala kunageuka sehemu ya ugonjwa. Goti likijaa maji, neva zake hupeleka ujumbe unaouzuia msuli wa mbele ya paja kukaza. Unaliamrisha paja, paja halitii. Si uvivu, na wala si lazima msuli uwe umekatika. Baada ya wiki chache paja linakuwa jembamba: chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima sentimita 10 juu ya pia ya goti, mguu huu na ule, utaona mwenyewe.

Dawa yake ni zoezi dogo ambalo karibu kila mtu hulidharau. Kaa mkekani, mguu umenyooka, taulo iliyokunjwa unene wa ngumi iwe chini ya goti. Ikandamize kwa nyuma ya goti huku ukivuta vidole vya mguu kuja kwako. Hesabu 5, legeza. Mara 10, seti 3, asubuhi, mchana na jioni. Weka vidole viwili juu kidogo ya pia, upande wa ndani: nyama ya pale lazima iwe ngumu, na pia ya goti ipande kidogo kuelekea nyonga. Wengi hukaza makalio na kubana pumzi huku paja lenyewe limelala. Ikiwa hivyo, kaza kwanza paja la mguu mzima (ule usioumia), lihisi linavyofanya kazi, kisha kaza yote mawili kwa pamoja.

Hilo likikaa sawa, inua mguu ulionyooka hadi sentimita 30 kutoka sakafuni, ushushe polepole. Goti likijikunja hata kidogo wakati wa kuinua, bado hujafika. Rudi kwenye taulo.

"Weka mto chini ya goti ulale vizuri"

Ni raha kweli, na hapo ndipo penye mtego. Goti lililovimba hupenda kukaa limepinda, na likishazoea hivyo, kulinyoosha ni kazi ya miezi. Likibaki limepinda nyuzi 5 tu unachechemea, na paja halipumziki hata ukiwa umesimama tu foleni ya benki. Mto uende chini ya kisigino, nyuma ya goti iachwe hewani, dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Aliyefanyiwa upasuaji afuate mipaka aliyopewa na daktari wake.

"Ukihisi maumivu, acha" na "bila maumivu hakuna kazi"

Zinapingana, na zote mbili zinakosea. Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Yakiwa 3 kushuka chini, endelea. Yakifika 4 au 5, punguza uzito au kina cha kukunja. Yakizidi hapo, zoezi hilo liishie hapo kwa siku hiyo. Lakini hukumu kubwa hutoka kesho yake asubuhi. Kabla ya kuinuka kitandani, tazama vile vibonde viwili pembeni mwa pia ya goti. Kama jana vilikuwepo na leo vimejaa, mzigo wa jana ulizidi: upunguze hadi nusu, usiuache wote. Na kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili uweze kufanya mazoezi ni kuziba mdomo wa mlinzi. Goti litalalamika usiku, ukiwa umeshachelewa.

"Kuchuchumaa kunaharibu goti"

Katika nchi kama Uganda, ambayo mtu anachuchumaa chooni, anainama kupalilia maharage, na huko Buganda anapiga magoti kusalimia wakubwa, kumwambia asikunje goti maisha yake yote ni kumnyima maisha yenyewe. Goti limeumbwa kukunjika. Kinacholiumiza ni kina kikubwa au uzito mkubwa kuja kabla ya nguvu.

Anza na kiti cha plastiki. Simama mbele yake, miguu upana wa mabega, ukae kwa hesabu 3 bila kujitupa, kisha uinuke bila kusukuma kwa mikono. Mara 8 hadi 12, seti 3, siku 3 kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Ujanja wa mwili uko hapa: utauegemeza uzito kwenye mguu mzima bila wewe kujua. Usogeze mguu ulioumia nyuma kidogo, kiasi cha nusu ya unyayo, nao utalazimika kubeba sehemu yake.

Ukimaliza mara 12 katika seti zote huku ukihisi ungeweza nyingine 5, ongeza uzito. Jerikeni ya lita 5 iliyojaa maji ni kilo 5 na ushee, kwa hiyo mizani huhitaji. Ibebe kifuani. Wiki zinavyokwenda, hamia kiti kifupi, halafu kigoda, ndipo uchuchumae kabisa.

Sambamba na hilo, fanya zoezi la kushuka ngazi. Simama juu ya kidaraja cha sentimita 10, mguu ulioumia ukiwa ndio wa kusimamia, ushushe kisigino cha pili hadi kiguse sakafu tu, urudi juu. Ukiliweza, tafuta cha sentimita 20. Mtu akutazame kwa mbele: goti lifuate kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani. Likianguka, mara nyingi chanzo ni nyonga dhaifu. Lala ubavu, inua mguu wa juu mara 15, seti 3. Tunalisisitiza zoezi hili kwa sababu kushuka mteremko wa kilima cha Namirembe, Kampala, kunalielemea goti kuliko kuupanda.

Wakati hayo yakiendelea, msalimie mkubwa ukiwa umekaa, na uswali ukiwa kwenye kiti. Mgonjwa ana ruhusa.

"Vaa soksi ya goti, itaimarika"

Inatia joto na inampa mtu moyo. Msuli haiujengi.

"Lichuliwe kwa nguvu lirudi mahali pake"

Kwenye jeraha bichi, hapana. Kuchua kwa nguvu paja lililovilia damu kunaweza hata kusababisha mfupa kuota ndani ya nyama. Na pia ya goti iliyohama inarudishwa na anayejua, hospitalini.

"Picha ya eksirei imetoka safi, basi goti ni zima"

Eksirei inaonyesha mifupa. Kano (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa) na meniska (vipande vya gegedo kati ya mifupa ya goti) hazionekani humo. Kama ulisikia "pwa!" ndani ya goti na likavimba ndani ya saa chache, yamkini kuna damu ndani, na kano ya msalaba ya mbele ni mshukiwa wa kwanza hata kama picha ni safi. Goti linalokuponyoka unapogeuka lipimwe kwa mikono ya mtaalamu wa mifupa au wa fiziotherapia. Wapo hospitali ya Mulago jijini Kampala, wapo hospitali ya CoRSU kule Kisubi kwenye barabara ya Entebbe, na hospitali za rufaa za mikoa.

"Haliumi tena, narudi uwanjani"

Hapa ndipo wengi wanapoumia mara ya pili. Aliyewekewa kano mpya huanza kujisikia vizuri kati ya mwezi wa 2 na wa 3 baada ya upasuaji, na huo ndio wakati kano hiyo ni dhaifu sana, kwa sababu mwili bado unaisuka upya. Soka na michezo ya kugeuka ghafla isubiri angalau miezi 9, na hata hapo kalenda haitoshi. Chora mstari chini, ruka mbele kwa mguu mmoja, utue kwa mguu uleule, upime. Kama mguu mzima unafika sentimita 150, ulioumia ufike angalau 135, utue kimya, na goti litulie bila kuyumba kwa hesabu 2.