Harry Mudd hakuuza tribble

Kwa miaka mingi mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za juu, wamekuwa wakidai kwamba Harry Mudd, yule tapeli mcheshi, ndiye aliyeleta tribble, vile vidude vya manyoya vinavyozaana bila breki. Si kweli. Aliyevileta ni Cyrano Jones, aliyeigizwa na Stanley Adams. Mudd aliigizwa na Roger C. Carmel.

Kuwachanganya si ajabu. Wote wawili ni wachuuzi wenye mwili na maneno matamu, na kipindi cha pili cha Mudd kilirushwa Novemba 1967, cha tribble kikafuata Desemba. Mwaka 1973 wote wakarudi kwenye toleo la katuni la Star Trek. Lakini watazame kwa makini. Jones anachuuza baani, bei inapanda na kushuka papo hapo, na madhara yake ni ya kizembe zaidi kuliko ya hila. Adhabu yake ni kuzoa tribble kituo kizima cha anga, kazi ambayo Spock, ofisa wa sayansi wa chombo, anaikadiria miaka 17.9.

Mudd ni tapeli hasa. Katika kipindi chake cha kwanza, mwaka 1966, anajitambulisha mbele ya nahodha Kirk kama Leo Walsh, kompyuta ya chombo inamkatalia. Anasema Harry Mudd. Inamkatalia tena, mpaka ataje jina kamili, Harcourt Fenton Mudd. Biashara yake siku hiyo ilikuwa kuwapeleka wanawake watatu kwa wanaume wanaotafuta wake, jambo ambalo, kusema kweli, halichekeshi sana leo.

Na hakuwa mgeni wa kila wiki: kati ya vipindi 79 vya tamthilia ya awali, ametokea viwili tu.