Jani la anthuriamu kwenye chupa halitaota

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliingia kitaluni kwangu hapa Kisumu, ameshika chupa ya maji ya nusu lita kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na jani moja la anthuriamu, ule mmea wa mapambo wenye ua jekundu, limesimama kwa kikonyo chake kirefu. "Fundi, hii ni wiki ya saba, na jani bado ni kijani. Mizizi itatoka lini?" Nililichomoa mbele yake. Mwisho wa kikonyo ulikuwa umegeuka kahawia na unateleza kama bamia iliyolala. Hapakuwa na mzizi hata mmoja. Ikabidi nimwambie jambo ambalo nimeshawaambia wateja watatu mwezi huu: haitatoka, hata ungoje mwaka.

Dhana hii inaniumiza kuliko zote, kwa kuwa mtu hukata jani zuri la mmea wake mwenyewe, kisha akabadilisha maji kila siku ya tatu kwa imani. Jani la anthuriamu halina jicho. Chipukizi hutoka kwenye kifundo, pale kikonyo kinaposhikana na shina. Ukikata juu ya hapo, jicho umeliacha nyuma. Ukijani nao usikudanganye. Jani lililo majini huishi kwa akiba yake, na hiyo akiba huweza kulishikilia wiki nyingi.

Watu wa huku tunalijua jambo hili vizuri, ila hatujalihusisha na maua. Nani Muhoroni au Mumias aliwahi kupanda jani la muwa? Tunapanda pingili yenye macho. Marando ya viazi vitamu nayo tunafukia sehemu yenye vifundo. Anthuriamu ni vivyo hivyo.

Najua kosa linakotoka. Ile Saintpaulia ndogo ya maua ya zambarau, inayoota yenyewe kwenye miamba yenye kivuli milima ya Usambara na hata kwetu Taita, hutoa mmea mzima kutoka jani moja. Begonia nyingi pia. Ukiona kwa jirani unadhani kila jani lina uwezo huo. Na ni kweli maabara huzalisha anthuriamu kwa vipande vya jani, lakini wao wana chupa zilizotakaswa, sukari na homoni zilizopimwa. Maji ya bomba dirishani hayafanyi kazi hiyo.

Sasa angalia mmea wako. Anthuriamu ikishakaa miaka kadhaa hupanda shingo: majani yote yako juu, na chini limebaki shina tupu, nene kama kidole gumba, lenye vinundu vinavyotokeza. Hivyo vinundu ni mizizi ya hewani, imeshaanza kazi kabla yako. Kata shina chini ya mizizi miwili au mitatu ya namna hiyo, kisha panda kile kichwa mpaka mizizi ifunikwe. Kisiki usikitupe. Kiache kwenye chungu chake, ukinyunyizie maji kidogo, nacho kitachipua kutoka kwenye vifundo. Kama mmea wako una watoto pembeni, hao ni rahisi zaidi: ngoja kila mmoja awe na majani matatu na mizizi yake, mwagilia jana yake, halafu watenganishe kwa vidole polepole.

Kisu kipanguse kwa spiriti kabla ya kila mmea. Hapa sina mchezo. Anthuriamu ina ugonjwa wa bakteria aina ya Xanthomonas, jamii moja na ule unaonyausha migomba yetu, na wote wawili husafiri kwenye makali ya kisu. Nimewahi kupoteza mstari mzima wa vyungu kwa haraka ya asubuhi moja.

Wengine huniambia udongo mweusi wa tambarare za Kano, hapa karibu na Kisumu, una rutuba, basi utafaa. Una rutuba, lakini hunata na kufunga hewa. Anthuriamu asili yake ni misitu ya Colombia na Ecuador, na mara nyingi mizizi yake hushika magome ya miti. Mimi huchanganya makaa yaliyovunjwa ukubwa wa punje za mahindi, pumisi (mawe mepesi ya volkano), makumbi ya nazi na mboji kidogo.

Chungu kikubwa hakiharakishi kitu. Hubaki na maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza, nayo inaoza.

Asali, mdalasini na aloe ambavyo wengine hupaka kwenye mkato ili mizizi itoke, si lazima. Mizizi ya hewani ikiwepo, usihangaike.

Wengine huniuliza, "Nipande hili ua jekundu?" Bua la ua halioti kamwe. Hicho chekundu chenyewe ni jani lililobadilika, maua halisi ni vile vitone vidogo kwenye mkia wa katikati.

Kuhusu sumu, utomvu wake una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazowasha ngozi na kuunguza mdomo. Vaa glavu, na usiache vipande mtoto au mbuzi anapoweza kuvitafuna.

Nilimwuliza yule mama kama mmea wake nyumbani umepanda shingo. Akaniambia umeinama mpaka ameuegemeza ukutani. Atauleta. Joto la Kisumu litamsaidia, wiki sita hivi kichwa kitakuwa kimeshika. Wateja wangu wa Nakuru nawaomba wangoje baridi ya Julai ipite, maana usiku wa kule kipandikizi hulala tu bila kutoa mizizi.