Kipimo cha saratani ya njia ya haja kubwa sio kile cha polisi, msikimbie

Tangu kitengo chetu hapa Kampala kianze kuongea na wanaume kuhusu HPV, kirusi kinacholeta saratani nyingi za njia ya haja kubwa, malalamiko tunayopata karibu yote ni ya aina moja. Wanaume wanaolala na wanaume wenzao, na wengi wao wana mke na watoto nyumbani, wanasikia maneno "tukuangalie njia ya haja kubwa" wanainuka wanaondoka. Mwingine anapiga simu siku mbili baadaye kwa namba ya rafiki, anauliza kama karatasi ya majibu inaenda polisi. Naandika kama musawo, yaani mhudumu wa afya, siasa sio kazi yangu, na naandika Kiswahili kwa sababu wanaouliza sana ni watu wa Busia, Malaba, Arua na Kisenyi, madereva wa malori na matingo wao, na ndugu zetu waliokimbia Kongo.

Kwanza hofu yenyewe. Siwalaumu. Hapa Uganda wanaume wamekamatwa wakavuliwa nguo wakapimwa kwa nguvu ili itafutwe kesi, na mtu aliyesikia hio habari akiniona navaa glavu lazima moyo umdunde. Lakini yale hayakuwa matibabu. Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha azimio 2017 kikawaambia madaktari wasishiriki kabisa, kwa sababu kile kipimo hakina msingi wowote wa sayansi. Hakuna daktari duniani anayeweza kuangalia njia ya haja kubwa ya mtu akajua amelala na nani. Msuli wa pale unakaza au unalegea kwa kufunga choo, kwa kuharisha, kwa umri, hata kwa woga tu wa kulala pale kitandani. Sisi tunatafuta uvimbe, kidonda na seli zilizoanza kubadilika. Basi. Na hivyo vitu wanawake wanavipata pia, tena kwenye nchi nyingi wanawake wenye saratani hii ni wengi kuliko wanaume, kwa hio habari ya kwamba ni laana ya watu fulani naomba tuiache, nimeijibu mara nyingi sana na bado inarudi.

Sasa sheria, na hapa nitaenda polepole kwa sababu watu wanachanganya. Sheria ya 2023 ya kupinga ushoga bado ipo na adhabu zake ni kali mno, sitamdanganya mtu. Ila kile kifungu kilichokuwa kinamtaka kila mtu aende kuripoti, musawo akiwemo, Mahakama ya Katiba ilikifuta Aprili 2024. Na kabla ya hapo, Agosti 2023, Wizara ya Afya ilituma waraka kwenye vituo vyote kwamba mgonjwa asinyimwe huduma wala kubaguliwa kwa sababu yoyote, na mwelekeo wa kimapenzi umetajwa humo kabisa. Afu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2019. Hali yako ya kiafya na maisha yako ya kitandani ziko kwenye lile kundi la taarifa zenye ulinzi wa pekee. Anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kupigwa faini mpaka pointi 240, na pointi moja ni shilingi 20,000, yaani shilingi milioni 4 na laki 8, au jela mpaka miaka 10, au vyote viwili. Ukiona faili lako limesomwa na asiyehusika, andika barua kwa msimamizi wa kituo, weka tarehe, baki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, na usipojibiwa peleka kwenye ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Bila ile kopi tunabaki neno lako dhidi ya neno la mwingine.

Kwa nini nang'ang'ana? Kwa mtu wa kawaida saratani hii ni adimu, ni mmoja au wawili kwa watu 100,000 kwa mwaka. Kwa wanaume wanaolala na wanaume wasio na virusi vya ukimwi inafika kama 19. Wakiwa na virusi inafika kama 85. Ni hesabu zilizokusanywa zaidi Ulaya, Marekani na Australia, lakini kirusi cha HPV aina ya 16 kinachobeba lawama kubwa ndio hichohicho kinachowaua mama zetu kwa saratani ya mlango wa kizazi hapa kwetu. Na kondomu inapunguza tu, haizuii yote, kwa sababu HPV inapita ngozi kwa ngozi. Chanjo serikali inawapa wasichana tangu 2015, wavulana hawamo, na hata ukichanjwa leo haifuti kilichoingia jana.

Kitu cha kutia moyo ni kwamba ukiwahi inazuilika. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2022, karibu watu 4,500 wanaoishi na virusi vya ukimwi wenye miaka 35 na zaidi, ulionyesha kwamba kutibu seli mbaya kabla hazijawa saratani kulipunguza saratani kwa asilimia 57.

Tunafanyaje? Kama kuna kipimo cha seli, saa 24 kabla usiingize chochote, sio kidole sio dawa sio maji ya kusafishia. Unalala ubavu, magoti juu. Kijiti chenye pamba kinalowanishwa maji, kinaingia kama sentimita tano, kinazungushwa huku kinatolewa taratibu, na ni lazima kitangulie kabla ya jeli kwa sababu jeli inaharibu sampuli. Ndio kinafuata kidole chenye glavu na jeli, kinazungushwa pande zote kutafuta kigumu au kidonda. Dakika mbili tatu yameisha. Inakera, mara nyingi haiumi. Ikibidi kuangalia kwa lenzi inayokuza tunapaka siki, ile wanayopakwa akina mama kwenye kipimo cha mlango wa kizazi, sehemu mbaya inageuka nyeupe, tunakata kipande kidogo kwa ganzi.

Ile lenzi vituo vingi havina. Na bila lenzi, majibu ya pamba yatakuacha na wasiwasi tu, hakuna wa kuendelea nayo. Kwa hio mwongozo wa kimataifa wa 2024 unasema pasipo na lenzi tufanye kidole. Wanaume wanaolala na wanaume waanze miaka 35 kama wana virusi, 45 kama hawana. Mtu mwingine yeyote mwenye virusi, 45. Damu, uvimbe, maumivu, kuwashwa kusikoisha, hizo hazingoji umri, na tafadhali acheni kununua dawa ya bawasiri sokoni mwaka mzima bila mtu kuangalia. Mwanaume mmoja alifanya hivyo miezi kumi na nne. Alipofika kwetu hawezi kukaa kwenye boda, na aliniambia alishajaribu kwenda kituo kimoja mapema, muuguzi akamuuliza mbele ya foleni "kwani wewe unafanyaga nini?" akageuka akarudi nyumbani. Kosa lile ni letu sisi wa makoti meupe.

Ndio maana sikubali watu wakisema hawa wanaume hawataki kupimwa. Kwenye utafiti mmoja wa Marekani wa 2010 wanaume kama hawa waliulizwa, zaidi ya wanane kwa kumi wakakubali ikiwa bure, walipoambiwa watoe pesa mfukoni wakabaki kama watatu. Utayari upo, unazimwa na bei na mdomo wa mhudumu.

Tena huhitaji kumwambia mtu unalala na nani. Unapoenda kuchukua dawa zako mwambie musawo, mkiwa wawili na mlango umefungwa: "Naishi na virusi, nina miaka 38, naomba uniangalie njia ya haja kubwa kwa kidole." Huna virusi lakini kuna damu au uvimbe, sema hivyo hivyo ulivyo. Akikuuliza maswali yasiyohusu ugonjwa, una haki ya kutojibu na bado akupime. Unaweza kuomba mhudumu mwanaume, unaweza kuomba mtu wako asimame ndani, na ukisema "simama" hata katikati, mkono unatoka hapohapo. Kwenye faili tunaandika tulichokuta: kawaida, au uvimbe, upande gani, ukubwa gani, na tarehe ya kurudi mwakani.