Je, wajua kwa nini mlango wa kituo cha angani katika mchezo wa kompyuta huwa na kijani kulia na nyekundu kushoto?

Mpwa wangu, ambaye hukaa nasi hapa Kisumu shule zikifungwa, aliniuliza swali moja tukiwa mbele ya kompyuta: "Mjomba, hiyo taa nyekundu inatuambia tusimame?" Nilimjibu vibaya, kisha nikamjibu vibaya tena.

Tulikuwa tunacheza Elite Dangerous, mchezo wa kuendesha vyombo vya anga za juu uliotoka mwaka 2014. Ukitaka kutua kwenye kituo, unasogea hadi umbali wa kilomita 7.5, unaomba ruhusa, unapewa namba ya gati, kisha unaingia. Kituo kinazunguka polepole bila kusimama, na mlango wake ni mpana wa upande lakini mwembamba wa kimo, kama tundu la sanduku la posta. Upande mmoja wa tundu hilo kuna taa za kijani na upande wa pili nyekundu. Wanaoingia na wanaotoka wote hutumia mlango huohuo.

Jibu langu la kwanza lilikuwa la mataa ya barabarani, kwamba kijani ni pita na nyekundu ni simama. Halikudumu, maana taa zote mbili zinawaka pamoja muda wote.

La pili lilikuwa na mantiki zaidi, ndiyo maana nililishikilia kwa muda mrefu. Nilijua kwamba meli hubeba taa nyekundu ubavu wa kushoto na kijani ubavu wa kulia. Uingereza iliamuru hivyo kwa meli za mvuke mwaka 1848, na ndege zikaja kurithi mpango uleule kwenye mabawa. Jioni ukisimama Otonglo, kwenye barabara ya Busia, ndege inayokuja upande wako utaiona na nyekundu kulia kwako na kijani kushoto. Basi nikamwambia kijana kuwa kituo nacho ni chombo kinachotutazama, kwa hiyo kijani chake kilipaswa kuwa kushoto kwetu, na taa hizi zimewekwa kinyume.

Hazikuwekwa kinyume. Nilichanganya aina mbili za taa zenye rangi zilezile.

Chukua bangili mbili. Vaa nyekundu mkono wa kushoto na ya kijani mkono wa kulia, kisha mwenzako avae vivyo hivyo, mkutane uso kwa uso kwenye njia nyembamba ya shambani. Bangili yake nyekundu itakuwa kulia kwako. Akigeuka akupe mgongo, itahamia kushoto kwako. Rangi ni zake yeye, na kazi yake ni kukuonyesha ameelekea wapi hata kama giza limemmeza na huoni chochote isipokuwa bangili.

Baharini jambo hili lina uzuri wa pekee. Taa ya ubavuni haiangazi pande zote. Huanzia mbele kabisa na kuishia nyuzi 112.5, nyuma kidogo ya ubavu. Meli mbili za injini zikikatana njia, ile inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopisha. Sasa fikiria chombo kilicho kulia kwako kikielekea kushoto mbele yako. Ubavu unaouona ni wake wa kushoto, yaani nyekundu, nawe ndiwe unayepaswa kupisha. Nahodha wake naye, kwa wakati huohuo, anaona kijani chako na kushika njia yake. Kwa hiyo swali la kijana lilikuwa na chembe ya ukweli, ila mahali pake ni kwenye njia panda za majini, si mlangoni.

Mlango ni kitu kingine. Nguzo za lango la boma hazitembei wala hazikutazami. Ukizipaka rangi, unazipaka kwa ajili ya mtu anayeingia. Maboya ya bandari, yaani alama zinazoelea kuonyesha meli njia, yako hivyo. Dunia ilikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya maboya, hadi mwaka 1980 huko Tokyo ilipokubaliwa ibaki kanda mbili. Katika Ukanda A, wa Ulaya na Afrika, pamoja na Mombasa yetu, anayeingia kutoka baharini huacha nyekundu kushoto na kijani kulia. Ukanda B, wa mabara ya Amerika, Japani, Korea na Ufilipino, hugeuza rangi hizo. Waliotengeneza mchezo, Frontier Developments, wako Cambridge, Uingereza, ndani ya Ukanda A. Hilo pekee halithibitishi kwamba walifuata kitabu cha maboya, lakini mpangilio wao ni huohuo.

Kilichonivutia kuliko vyote kilitokea kijana alipokipindua chombo chetu juu chini, akiwa bado nje ya mlango. Kijani kikahamia kushoto. Majini hakuna anayeingia bandarini kichwa chini, kwa hiyo kulia kwa nahodha mmoja ni kulia kwa kila anayeingia. Angani hakuna chini. Vyombo viwili vinaweza kuingia pamoja, kimoja kimepinduka, kila rubani akijibana kulia kwake kwa nia njema, na wakajikuta pande tofauti za mlango. "Shika kulia" haina maana yoyote hapo mpaka mkubaliane kwanza kulia ni wapi. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na kijani. Ukikiona kushoto, bingirisha chombo nusu mzunguko hadi kije kulia, ndipo uingie ukiwa karibu nacho.

Vyombo vya kweli navyo vina tatizo la aina hii. Ukiona angani nyekundu kulia na kijani kushoto, huenda chombo kinakukabili kikiwa wima, au kimekupa mgongo kikiwa kimepinduka. Rangi mbili haziwezi kutofautisha hali hizo. Cygnus, chombo cha mizigo kilichofika Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa mara ya kwanza mwaka 2013, kiliundiwa taa nyekundu kushoto na kijani kulia kama meli yoyote ile, kisha kikaongezewa nyeupe juu na njano chini. Nilipomwonyesha kijana mpango huo, alichukua karatasi akachora chombo mara mbili, kikija na kikienda kimepinduka, akaweka kidole kwenye nukta ya njano iliyokuwa juu. "Hiki kinaenda," akasema.